Pakiti Haikumbuki

Vuta kigoda ukae, mjukuu wangu. Simu iweke hapo juu ya gunia, usiizime, tutaihitaji.

Jana jioni uliniomba shilingi 25,000. Hukusema za nini, nami sikukuuliza mbele ya bibi yako. Lakini tangu mchana nilikuwa nakutazama chini ya mwarobaini: unapitisha kidole juu ya kioo kama mtu anayechana mfuko, unakodoa macho, unashusha pumzi, unaanza tena. Uso ule naujua. Nimeuona kwa wanaume waliochuchumaa kando ya karasha kule Geita wakingoja kiroba chao cha mawe kisagwe. Nami niliuvaa kwa miaka 11.

Sikukuita nikukataze. Wazee wenzangu hapa Didia wangekwambia simu ni ya shetani, ukaitikia "ndiyo babu", kisha ukaenda kuchezea nyuma ya ghala. Mimi nimechoka, mjukuu wangu, na aliyechoka hana nguvu za kumwaga kwenye makatazo yasiyoshikika. Ndiyo maana wiki tatu hizi nilikuomba unisomee kadi zako moja moja na kunigeuzia Kiingereza chake. Ulidhani babu anatafuta soga. Nilikuwa najifunza, kwa sababu asiyeujua mchezo hana haki ya kumwonya mchezaji.

Sasa nisikilize.

Huu unaoucheza, Pokémon TCG Pocket, ulitoka tarehe 30 Oktoba 2024, lakini mbegu yake ni ya zamani. Mwaka 1993 Mmarekani mmoja mtaalamu wa hesabu, Richard Garfield, alitoa mchezo wa kadi unaoitwa Magic: The Gathering. Kadi zake ziliuzwa katika pakiti zilizofungwa, na kila mtu alicheza kwa zile alizobahatika kuzipata. Wajapani wakatoa kadi za Pokémon za karatasi mwaka 1996, na leo karatasi imegeuka kioo cha simu.

Hapa kwetu tulizoea vingine. Tukikaa kwenye isolo, au bao kama wanavyoliita watu wa pwani, kete ni 64, zako na zangu ni sawa, na hakuna duka linaloniuzia kete yenye nguvu kuliko yako. Karata za kopa na shupaza nazo ni 52, tunachanganya, tunagawana. Ukinifunga, umenifunga kwa akili au kwa bahati ya siku ile. Mchezo wako umeongeza kitu cha tatu, nacho ni mfuko wa nguo, yaani fedha. Ukilisahau hilo, mengine yote nitakayokwambia hayatakusaidia.

Siku zako za mwanzo mchezo ulikumwagia pakiti. Ulikuja mbio kunionyesha, ukasema "babu, nina bahati." Sikusema neno. Mchezo huwakirimu hivyo wageni wote, kisha mkono unafunga taratibu, unabaki na pakiti mbili za bure kwa siku, moja kila baada ya saa 12. Wewe ukaona bahati imekukimbia, na ndipo 25,000 zikaanza kukuwasha. Haikukimbia bahati. Ugeni umekwisha, sasa umekuwa mwenyeji, na mwenyeji anakula kwa kipimo.

Tazama ndani ya pakiti yenyewe. Lete simu. Kuna mahali pameandikwa uwezekano wa kila kadi kutoka, na wewe hujawahi kupafungua hadi nilipokuomba. Katika seti ya kwanza iliyokuja na mchezo, pakiti ina kadi 5. Tatu za kwanza karibu daima ni za almasi moja, yaani za kawaida kabisa. Ukizishikia pumzi unajichosha bure. Habari iko kwenye kadi ya nne na ya tano. Hapo kadi ya ex, ile ya almasi nne, hutoka takriban katika pakiti moja kati ya 12. Lakini wewe hutaki ex yoyote, unataka Charizard ex. Kila aina ya pakiti ina ex tano, kwa hiyo joka lako linatoka takriban katika pakiti moja kati ya 60.

Jana ukaniambia: "Babu, nimeshafungua hamsini, sasa iko karibu."

Mwanangu, maneno hayo nimeyasema kwa kinywa changu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliuza pamba nikaenda Nyarugusu, kulekule Geita, kuchimba dhahabu. Tulikuwa sita kwenye duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia. Mawe yakitoka tunagawana viroba: mwenye eneo achukue vyake, mwenye duara vyake, nasi tulioshuka chini vyetu. Kiroba hujui kina nini. Unakipeleka karasha, kinasagwa kikawa unga, unga unaoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa magunia, unakamatwa kwa zebaki, zebaki inachomwa, na hapo ndipo unaona kama ulibeba dhahabu au mawe ya kujengea choo. Tuliishika zebaki kwa mikono mitupu na moshi wake tukauvuta. Leo wataalamu wanasema ni sumu ya mishipa ya fahamu. Siku zile tulisema ni sehemu ya kazi.

Kiroba changu cha nne kilinipa dhahabu ya kununua ng'ombe wawili. Laiti kisingenipa. Kilinifanya niamini kwamba duara lile linanijua. Tulipoendelea likawa kavu, wenzangu wawili wakaondoka, mimi nikarudi hapa Didia kuuza ng'ombe wa baba yangu ili ninunue matimba ya kuzuia kuta. Baba aliniuliza, "Unajuaje kwamba ipo?" Nikamjibu: "Tumeshashuka mita arobaini, haiwezekani isiwe karibu." Niliuza wanne. Kisha wengine watatu. Mwamba haukuwa umehesabu mita zetu. Mita ya 41 ilikuwa na uwezekano uleule wa mita ya kwanza, nasi tuliidai kama mtu anayedai deni.

Pakiti yako nayo ni hivyohivyo. Ya 51 ni moja kati ya 60, kama ilivyokuwa ya kwanza. Haikumbuki zile hamsini. Haina huruma wala kinyongo, ndani yake kuna hesabu tu. Hata kijana atakayefungua pakiti 100, hesabu inaonyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano hatakuwa ameiona Charizard ex hata mara moja, na hakuna aliyemroga.

Lakini mchezo wako una kitu ambacho mgodi wangu haukuwa nacho, na hapa nataka utege masikio. Kila pakiti unayofungua inakupa pointi 5. Ulizipuuza kwa sababu hazing'ari. Kadi ya almasi nne hubadilishwa kwa pointi 500. Fanya hesabu: 500 gawanya kwa 5 ni pakiti 100. Kwa pakiti mbili za bure kwa siku, ni siku 50. Ndani ya siku hamsini, bila senti moja, kadi unayoitaka utaichagua kwa mkono wako, na yawezekana ikatangulia kutoka yenyewe. Pakiti husahau, pointi hazisahau. Baba yangu alipokuwa akinitaka nibaki, alikuwa ananionyesha majaruba ya mpunga. Mdogo wangu alimsikiliza. Kila mwaka aliongeza jaruba moja, hakuwahi kuokota chochote, na leo ndiye anayetulisha sote mvua zinapokatika.

Ila pointi zina sharti. Za seti moja hazitumiki kwenye seti nyingine. Wewe unafungua leo hii, kesho ile, kwa kufuata picha nzuri iliyoko juu ya pakiti, na pointi zako zimetawanyika kama mbegu zilizomwagwa barabarani. Chagua seti moja. Chagua pakiti yenye kadi za fungu la kuchezea unalolijenga. Baki hapo hadi fungu lisimame.

Na fungu lenyewe, nionyeshe. Unaona? Kadi 20, ndicho kipimo. Humo umeweka wanyama wa moto, wa maji na wa umeme kwa sababu kila mmoja ulimpenda alipotoka. Nguvu unazopewa kila zamu ni moja tu, na ukichagua aina tatu mchezo unakuchagulia ipi ije. Mara ngapi umekaa na mnyama wa moto mbele huku zinakuja za maji? Mtu hapandi mpunga na pamba kwenye tuta moja. Aina moja ya nguvu, mjukuu wangu, mbili ukilazimika sana na ukijua kwa nini.

Charizard wako naye nimemchunguza. Ana uhai 180 na pigo la 200, simkatai, ni mkubwa. Lakini lazima uanze na Charmander, umpandishe awe Charmeleon, ndipo awe Charizard, kisha umlishe nguvu nne, na kila akipiga pigo lile anatupa nguvu mbili za moto. Kwenye kadi 20, ukizikosa zile za chini, yeye anakaa mkononi kama trekta lisilo na dizeli. Anayeanza anahitaji fungu linalosimama mapema. Pikachu ex hapandishwi kutoka kwa yeyote, anataka nguvu mbili tu, na pigo lake ni 30 kwa kila mnyama wa umeme aliyeko kwenye benchi lako. Benchi lina nafasi tatu, basi ni 90. Zamu ya tatu tayari anafanya kazi. Wewe unaye mmoja. Alitoka wiki ya kwanza, ukamweka pembeni kwa sababu si joka.

Halafu zipo kadi mbili ambazo kila fungu linazihitaji, nawe umeweka moja moja. Professor's Research inakuvutia kadi mbili. Poké Ball inakutolea mnyama wa msingi kutoka kwenye fungu. Weka mbilimbili, maana mbili za jina moja ndiyo mwisho unaoruhusiwa. Zinapatikana dukani kwa tiketi unazochuma ukicheza, si kwa fedha. Ile ya profesa ni ya aina inayotumika mara moja tu kwa zamu, ile ya mpira haina kikomo hicho, kwa hiyo rusha mpira kwanza uone umepata nini, ndipo umwite profesa. Ulikuwa unafanya kinyume, na sikukwambia kwa sababu nilitaka nihakikishe.

Ushindi ni pointi tatu. Mnyama wa kawaida akianguka, mwenzako anapata moja. Ex akianguka, anapata mbili. Hapo ndipo unapofungwa, mjukuu wangu. Unamtanguliza mkubwa wako mbele angali na njaa, anapigwa, umeshatoa theluthi mbili za mchezo. Mtangulize mdogo. Apokee mapigo wakati mkubwa analishwa kwenye benchi. Kuna vijana wanaocheza bila ex hata moja, na adui analazimika kuangusha watatu. Huo si umaskini.

Kabla ya kupigana na watu wa dunia, pigana na mashine. Humo kuna zawadi, kuna saa za mchanga zinazopunguza muda wa kungoja pakiti, na kuna mafungu ya kuazima ambayo mchezo unakupa uyajaribu. Azima kwanza. Ulijenga kabla ya kujua unachokipenda. Na hizo saa za mchanga zikusanye. Seti mpya huja kila baada ya muda, na anayezichoma zote leo kwa kukosa subira, siku seti inayomfaa ikifika hana kitu.

Sasa jambo ambalo limeniuma kuliko yote. Ulinionyesha Pikachu ex mwingine, yule wa nyota mbili, picha imejaa kadi nzima. Ukasema huyo ndiye mwenye nguvu. Nikakuomba usome maandishi ya wote wawili. Ulisoma polepole, ukanyamaza. Uhai ni uleule 120. Pigo ni lilelile. Nyota ni ya picha. Ukitaka kumnunua huyo wa nyota mbili kwa pointi ni 1,250, yaani pakiti 250, na mezani hatakuongezea hata pigo moja. Kadi yenye taji, ile ya dhahabu, ni pointi 2,500. Pakiti 500.

Sisi watu wa Shinyanga hatuna udhuru katika hili. Oktoba 1947 ilitoka kwenye mgodi wa Mwadui almasi ya waridi ya karati 54.5, mwenye mgodi, Bwana Williamson, akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Jiwe moja. Tangu siku hiyo ni wangapi wamechekecha kokoto kule Maganzo, baba kwa mtoto, kwa ajili ya kisa cha jiwe ambalo hawakuliona hata kwa macho? Kitu adimu kinapotangazwa hakimfaidi anayekisikia. Anayefaidi ni mwenye kuuza ungo. Ukimwona mtu kwenye simu anaonyesha kadi ya taji, kumbuka hutaonyeshwa waliofungua pakiti mia nne wakanyamaza.

Zile 25,000 zako, nimejua ni za nini. Uliniambia kuna uanachama unaolipiwa, dola 9.99 kwa mwezi, unaoongeza pakiti moja kwa siku, na kwamba wiki mbili za kwanza ni bure. Sawa. Lakini kwa bure hiyo wanataka njia ya kulipia, kama namba ya kadi ya benki, na siku ya kumi na tano usipokuwa umejitoa, wanakata. Kadi uliyotaka kuiweka ni ya shangazi yako wa Kahama. Yeye anauza vitenge. Angeona fedha imepungua, angemshuku mtoto wake au mfanyakazi wake. Kabla hujaingiza namba ya mtu mwingine kwenye simu yako, mweleze kwa mdomo kitakachokatwa na siku kitakapokatwa. Akikataa, amekataa.

Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha ndani ya michezo ni kamari. Wala sikuhitaji Wabelgiji waniambie. Unatoa fedha, hujui unapata nini, ukikosa unatoa tena: kwenye macho yangu hiyo ni kamari, hata ikichorwa wanyama wenye mashavu mekundu. Wewe una miaka 17. Sheria yetu hairuhusu mtoto kuingia kwenye kubeti, na wamiliki wa vibanda wanalijua hilo hata wanapofumba macho. Pakiti ya bure ifungue kwa raha yako. Ya kulipia, sitoi, na usimwombe bibi yako akupe kwa siri, kwa sababu hana moyo wa kukunyima na fedha yake ni ya dawa.

Na unapofungwa, usiitupe simu kwenye mkeka. Mwenzako yuko sehemu ya dunia isiyoijua Didia wala Tinde, anakutumia neno la asante, nawe unalizima kwa hasira. Mjibu asante. Kwenye isolo tulifundishwa hivyo, aliyefungwa ndiye anayepanga kete upya.

Ipo siku utaniuliza kwa nini babu hakukupiga marufuku. Nimewaona waliopigwa marufuku. Mimi nilikuwa mmoja wao, baba alinikataza Nyarugusu kwa sauti kubwa na sababu hakunieleza, labda hakuwa na maneno. Nikaenda. Maneno niliyoyakosa mimi ndiyo haya nakupa wewe, na nimeyatafuta kwa muda mrefu. Ningeyapata kabla ya ng'ombe wa tano ningemshukuru Mungu.

Matokeo yako ya kidato cha nne yametoka vizuri, unasubiri kupangiwa shule. Una miezi mitupu mbele yako na simu mkononi. Cheza. Cheza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, jenga fungu moja la umeme, hesabu pointi zako kwenye daftari ili uzione zinavyokua. Ukifikisha 500, njoo tukae hapa tuchague kadi pamoja. Nami nitataka kujua kwa nini umeichagua hiyo na si nyingine.

Pakiti yako ya jana uliifungua saa 12 jioni. Nyingine itakuwa tayari saa 12 alfajiri. Ifungue, nionyeshe kadi ya nne na ya tano, kisha chukua jembe tushuke kwenye jaruba la chini, magugu yameshaupita mpunga.